Maswali ya Wasomaji: Koo Mpya za Mavazi

Barua nyingi za mwezi huu zimegusa jambo moja: mionekano ya mavazi inayozaliwa mtandaoni, kila mmoja na jina lake. Tumeziweka pamoja. Pale unapohitaji jina la Kiingereza ili ulitafute mwenyewe, tumeliandika mara moja kama lilivyo, kisha tukaendelea na matamshi yetu.

Binti yangu ana miaka 17. Nilimshonea sketi nzuri ya pamba, akaikataa akisema yeye ni "cottagecore". Nikamuuliza hilo ni kabila gani? Naomba mnieleze, na kama sketi inaweza kuokolewa mniambie.
*Mama mzazi, Dodoma*

Mama, swali lako la kabila limekaribia shabaha kuliko unavyodhani. Sehemu ya kwanza ya jina hilo ni nyumba ndogo ya shamba ya Kiingereza. Ya pili, core, ambayo sisi tunaitamka koo, imetoka kwenye hadikoo (hardcore), muziki mkali wa punk uliopigwa na vijana wa Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1980. Baadaye mkia huo ukabanduliwa na kubandikwa kwenye chochote. Kwa sikio la Mswahili, koo ni wingi wa ukoo. Imetokea kwa bahati tu, lakini inafaa, maana kila jina la namna hii linamwahidi mtu watu wake. Ila ukoo huu hauna mzee, hauna kaburi, hauna mtaa. Una neno.

Zamani mtindo wa vijana ulikuwa na anwani. Aliyetaka kuwa punk London mwaka 1976 alikwenda King's Road, namba 430, kwenye duka la mbunifu wa mavazi Vivienne Westwood na mwenzake Malcolm McLaren, akaonwa na wenzake, akakubaliwa au akachekwa. Leo kinachotakiwa ni neno la kuandika kwenye kisanduku cha kutafutia. Tumblr ilianza 2007, Instagram na Pinterest 2010, na humo picha isiyo na jina ni vigumu kuipata, wakati yenye jina hupata ndugu elfu kwa siku moja. Ndiyo sababu siku hizi jina hutangulia nguo. Chukua normcore, yaani nomukoo. Kundi la New York liitwalo K-HOLE lilitoa ripoti mwaka 2013 likilitumia neno hilo kueleza tabia: mtu kuridhika kufanana na wenzake popote alipo badala ya kuhangaika awe wa pekee. Halikuwa jina la nguo kabisa. Mwaka uliofuata jarida moja la New York likaliandika kama jina la jinzi pana, raba na fulana zisizo na maandishi, na maana ya kwanza ikazikwa hapo.

Kuhusu sketi, mwambie binti akuonyeshe picha tatu anazozipenda, usimwombe maelezo. Tazama umbo, kitambaa na rangi, uone nini kinajirudia katika zote tatu. Kwa kotejikoo mara nyingi utaona marinda mengi chini, urefu wa kufika katikati ya muundi, na rangi zilizofifia kama nguo iliyoanikwa juani miaka mingi. Kwa hiyo ongeza rinda. Kama mzunguko wa chini wa sketi ni mita 1.6, kata utepe wa mita 2.4 hadi 3.2, upana sentimita 20, na juu ya hapo ongeza 1.5 za kuunganishia na 2 za pindo. Vuta marinda kwa mistari miwili ya mshono mrefu wa milimita 4 au 5, iliyoachana milimita 6. Ukivuta kwa mstari mmoja marinda yatarundikana upande mmoja na kuacha mapengo upande mwingine. Kama kitambaa cha kuongezea ni kitenge kipya, kifue kwanza. Wanga wa kiwandani hukifanya kisimame kama kadibodi, halafu kikifuliwa baadaye kinarudi na kuvuta mshono.

Bibi zetu na mama zetu wamelima kwa jembe la mkono na wamechota maji alfajiri. Msichana wa London mwenye jiko la gesi anavaa gauni la shamba na kupiga picha na kuku. Je, hii si dhihaka?
*Msomaji, Mwanza*

Si dhihaka. Lakini si kilimo pia.

Kotejikoo ilianza kutajwa Tumblr miaka michache kabla ya korona, ikalipuka mwaka 2020 watu walipofungiwa nyumbani. Huko Uingereza na Marekani unga na hamira viliadimika madukani kwa sababu kila nyumba ilianza kuoka mkate. Gauni lililovuma kuliko yote, la waridi lenye matunda ya stroberi, kazi ya mbunifu Lirika Matoshi, liliuzwa dola 490. Hakuna mkulima duniani aliyewahi kupalilia akiwa amevaa gauni la dola 490.

Sasa angalia kilichoachwa nje ya picha zile: mgongo unaouma, mvua iliyochelewa, bei ya mbolea, mtoto aliyefungwa mgongoni. Kilichobaki ndani ni muda. Mtu anayekanda unga saa nne asubuhi siku ya Jumanne, dirisha wazi, simu haipo mezani, hana msimamizi anayemngoja. Hicho ndicho kinachotamaniwa. Kwa anayefanya kazi ya skrini siku nzima, na kazi hiyo haina mwisho wala haionekani ikiisha, mkate ni kitu chenye mwisho. Tunaiheshimu tamaa hiyo. Tunachokataa ni kuiita maisha ya shamba.

Wala si mpya. Malkia Marie Antoinette wa Ufaransa alijengewa kijiji cha shamba ndani ya bustani za Versailles kuanzia 1783, na mkulima wa kweli aliajiriwa kufanya kazi halisi. Katika miaka ya 1970 Laura Ashley aliuza magauni ya maua madogo na shingo ndefu kwa wanawake wa mijini Uingereza. Kila mara nguo ya shamba inavaliwa na mtu ambaye shamba haliwezi kumdai chochote.

Lawama moja tunaiona ya haki kabisa. Kule Marekani, nyumba ile ndogo yenye maua mlangoni imesimama kwenye ardhi waliyonyang'anywa wenyeji wa asili, na kwa Wamarekani Weusi shamba lilikuwa mahali pa utumwa. Ndiyo maana wanawake Weusi waliojipiga picha ndani ya magauni hayo, wamelala kwenye nyasi na kitabu, walikuwa wanasema jambo zito: kuwa shambani, kupumzika, bila mtu wa kuwasimamia. Picha ileile, vazi lilelile, na maana iliyo mbali sana na ya yule wa London.

Ukitaka kulishona gauni lenyewe kwa hali ya hewa ya Ziwa, tenga mita 4.5 za pamba nyepesi na achana na polista. Mikono ya puto ya polista hushika jasho, na lastiki ya kifundo cha mkono huacha alama nyekundu kabla ya saa sita mchana.

Nanunua nguo za Y2K kwenye masoko ya mitumba ya Gikomba na Toi na kuziuza mtandaoni. Wateja wanarudisha: jinzi zinalegea, mikoba inabanduka ngozi. Pia siwezi kutofautisha za kweli na zilizotengenezwa juzi. Nifanyeje?
*Muuzaji, Nairobi*

Kwanza lipasue jina. Y2K lilikuwa jina la hitilafu ya kompyuta iliyoogopwa mwaka 2000. Kama jina la mwonekano lilipata nguvu baada ya Evan Collins na wenzake kuanza, mnamo 2016, kukusanya picha za usanifu wa takriban 1997 hadi 2004: rangi ya fedha, plastiki inayopitisha mwanga, maumbo ya mviringo, imani kwamba kesho ya kompyuta itakuwa njema. Wateja wako wengi hawatafuti hiyo. Wanatafuta jinzi za kiuno cha chini, fulana fupi za kubana, suti za michezo za mahameli kama zile Juicy Couture ilizoanza kuzitoa mwaka 2001, na mikoba midogo ya kwapani. Andika waziwazi kwenye tangazo unauza ipi kati ya hizo mbili. Nusu ya malalamiko itaisha hapo.

Pili, usishangae kwamba kamera, yaani mitumba ya daraja la kwanza, ya miaka hiyo imepungua. Nguo ikitolewa kama sadaka ng'ambo, duka la hisani huchukua inayouzika, wachambuzi huchambua, na inayobaki ndiyo inayoshindiliwa kwenye robota la kilo 45 au zaidi. Tangu jina Y2K lipande bei, wapo wanaozichomoa hukohuko. Kinachofika kwako kimeshapita kwenye macho mengi, kwa hiyo macho yako yawe makali zaidi.

Anza na lebo. Namba ya RN hutolewa na tume ya biashara ya Marekani, FTC, na inataja kampuni, haitaji mwaka. Wauzaji wengi huisoma kama tarehe na kujidanganya. Alama za kufulia zinasaidia zaidi: Marekani iliruhusu alama bila maneno mwaka 1997, kwa hiyo lebo ya soko la Marekani yenye alama tupu haiwezi kuwa ya kabla ya hapo. Lebo ya maneno matupu haithibitishi uzee. Ukiona msimbo wa mraba wa kupiga picha kwa simu, hiyo ni nguo ya zama za simu janja, hata kama kipepeo cha kifuani kinang'aa vipi.

Halafu jaribu nyuzi. Jinzi nyingi za kubana za wakati ule zina asilimia 1 hadi 3 ya elasteni, uzi unaonyumbuka. Elasteni huchoka kwa joto, klorini na miaka. Shika kiuno kwa mikono miwili, vuta sentimita 5, achia. Isiporudi mara moja, au ukisikia mlio mdogo wa kukatikakatika, iache. Tazama pia nyuma ya mapaja na magotini dhidi ya mwanga: vijimawimbi vinavyopanda na kushuka maana yake elasteni imekatika na pamba imebaki peke yake. Hakuna fundi anayeweza kuirudisha.

Mikoba na koti zinazobanduka si uzembe wa mteja. Hiyo si ngozi, ni tabaka la poliurethani, aina ya plastiki, juu ya kitambaa, na unyevu wa hewa hulivunja polepole hata likiwa kabatini. Mombasa na Dar es Salaam hali huwa mbaya kuliko Nairobi. Kunja sehemu iliyofichika, chini ya mfuko au ndani ya kola, kisha sugua kwa kidole gumba mara kumi. Ikinata, au ikiacha vumbi kama ukoko, itabanduka ndani ya miezi michache. Usiipake mafuta wala gundi, unaharakisha tu. Soli nene za viatu vya wakati ule nazo zina ugonjwa huohuo: bonyeza kwa ukucha, na ukucha ukiingia usinunue.

Vipimo. Namba ya saizi kwenye lebo isahau. Pima kimo cha kiuno, kutoka makutano ya mishono ya msamba hadi ukingo wa juu wa bendi ya mbele: sentimita 17 hadi 20 ni kiuno cha chini, 23 hadi 26 ni cha kati, zaidi ya 28 ni cha juu. Weka pia upana wa kiuno nguo ikiwa imelala, nyonga, paja na urefu wa ndani wa mguu. Vipimo vitano kwenye tangazo huzuia marejesho kuliko picha kumi.

Mteja akitaka jinzi ya kiuno cha juu igeuzwe ya chini, fundi asikate juu na kurudishia bendi ileile. Nyonga ni pana kuliko kiuno, bendi itakuwa fupi. Akiivuta ifike, itakunjamana. Akiongeza kipande kilichonyooka, kitaachama mgongoni mtu akikaa. Inatakiwa bendi mpya ya vipande viwili vilivyokatwa kwa mviringo kidogo kufuata nyonga, na zipu ifupishwe kwa juu kabla bendi haijashonwa. Kupunguza kiuno ni rahisi zaidi: fungua bendi na lupu ya katikati mgongoni, ingiza mshono wa nyuma, funga. Kila sentimita moja inayoingizwa inaondoa mbili. Usizidi 5 kwa jumla, kwa sababu mifuko ya nyuma itasogeleana mpaka igusane na umbo litaharibika. Sindano iwe namba 100, mshono wa juu urefu wa milimita 3 hadi 3.5.

Hapa kwetu mitumba ni ghali tangu ushuru upande. Si bora niagize kwenye duka la mtandaoni la Shein?
*Msomaji, Kigali*

Ushuru wa mitumba Rwanda ulipandishwa mwaka 2016 kutoka dola 0.20 hadi 2.50 kwa kilo, na mwaka 2018 Marekani ikaisimamishia Rwanda, kwa upande wa nguo, nafuu ya AGOA, mpango wake wa kuziondolea ushuru bidhaa za Afrika. Kwa hiyo ughali wake una historia ndefu kuliko muuzaji wako.

Shein huanza na vipande vichache tu kwa kila mchoro, takriban 100 hadi 200, na kinachouzika ndicho kinachoongezwa. Mfumo huo umeumbwa kufuata majina: jina likipanda asubuhi, kuna mtu kiwandani anajaribu vipande mia vya jina hilo. Matokeo ni kwamba nguo hukatwa ifanane na picha, na mwili huja baadaye. Ukiamua kuagiza, laza mezani nguo yako inayokukaa vizuri, ipime, kisha linganisha na vipimo vya nguo, si vya mwili. Soma kitambaa. Tazama picha za wanunuzi tu. Sisi hatushauri kununua nguo ambayo huwezi kuieleza bila kutaja jina la mtandaoni, kwa sababu jina likifa utabaki na polista.

Nina cherehani nne Mombasa. Jina jipya likitoka, nishone za kuuza? Nitajuaje kama litadumu?
*Fundi, Mombasa*

Mwaka 1937 mwanahistoria wa mavazi wa Uingereza, James Laver, alitunga kipimo kinachotajwa hadi leo. Nguo ikivaliwa miaka 10 kabla ya wakati wake ni utovu wa adabu. Mwaka mmoja kabla ni ujasiri. Kwa wakati wake ni umaridadi. Mwaka mmoja baadaye imechakaa machoni. Miaka 10 baadaye inachukiza. Miaka 20, kichekesho. Na miaka 150 baadaye ni nzuri kabisa. Kwa kipimo chake, jinzi za kiuno cha chini za 2001 zilipaswa kuchekwa mwaka 2021. Badala yake, Oktoba 2021 nyumba ya mitindo ya Italia, Miu Miu, ilizipitisha jukwaani sketi fupi sana za kiuno cha chini, na dunia ikazigombea. Laver aliishi wakati ambapo picha za zamani zilifungiwa kwenye maktaba. Leo picha zote za miaka yote zimelala mahali pamoja, na kijana wa miaka 16 anaziona za 1974 na za 2004 ndani ya dakika moja bila kujua ipi ilitangulia.

Jambo la pili ni TikTok. Tumblr ilikuonyesha zaidi wale uliowafuata. TikTok hukuonyesha usiowajua. Jina husambaa kabla halijapata watu wa kulitunza. Mwonekano wa "bibi wa pwani", vazi la kitani jeupe la mwanamke tajiri anayeishi karibu na bahari huko Marekani, ulipewa jina Machi 2022. Ule wa "mke wa jambazi", manyoya na dhahabu nyingi, ukavuma Januari 2024. Katikati yake yalipita mengine mengi.

Kwa cherehani nne, fanya hivi. Litafute jina, panga matokeo kwa yaliyo mapya, tazama 20 ya kwanza. Yakiwa zaidi ya nusu yana bei au kiungo cha duka, umechelewa. Wavaaji wameshaondoka, wamebaki wauzaji. Yakiwa ni watu wanaoshona, wanaouliza, wanaobishana ni nini hasa, bado lina uhai. Kisha jiulize kitambaa kitafaa kwa kazi nyingine jina likifa. Kitani cheupe kitafaa. Sekwini za kijani hazitafaa. Shona vipande 6, si 60, na kitambaa kingine kiache kwenye jora bila kukatwa.

Na ndugu, wewe uko Mombasa. Kasi hii isikutishe kama kitu kigeni. Katika karne ya 19 wafanyabiashara walioleta vitambaa pwani yetu walilalamika kuwa wanawake wa Zanzibar hubadilisha upendeleo upesi mno, shehena ikafika imeshapitwa. Kanga ilizaliwa ndani ya kasi hiyo, na katika karne ya 20 ikapata maandishi. Tangu hapo ina pindo, mji na jina, na wengi huinunua kwa ajili ya jina. Nguo yenye neno tumeizoea kuliko wengi. Tofauti ni nani anayeambiwa. Jina la kanga husemwa kwa mtu anayejulikana: jirani, mume, wifi, mke mwenza, naye huelewa kabla hujafungua mdomo. Jina la mtandaoni halisemi na mtu yeyote. Limeandikwa ili mashine ilipange. Ukiweza kushona nguo inayosema na mtu, haitahitaji kudumu kwa hesabu ya TikTok.

Nilipokuwa sekondari hapa Marekani nilizilaza nywele kwa jeli, nikazibana kisogoni na kuvaa hereni kubwa za duara. Niliambiwa ninajiweka kihuni. Leo wazungu wanafanya vilevile na inaitwa "clean girl". Halafu nywele zangu za pembeni zimeanza kunyonyoka. Nisaidieni yote mawili.
*Dada, Columbus, Ohio*

Dada, hukukosea kuona. Nywele zilizolazwa, hereni za duara na midomo ya kung'aa vilivaliwa na wanawake Weusi na wa asili ya Amerika ya Kilatini miongo mingi kabla ya jina hilo kuenea, na lilipoenea mwaka 2022 walilisema hilo waziwazi. Jina lilitolewa na wenye watazamaji wengi. Lenyewe linaumiza pia kwa maana yake: ukimwita mmoja msichana msafi kwa mtindo ambao mwingine aliuvaa akaitwa mhuni, umeshasema nani unamwona mchafu.

Kunyonyoka ni jambo la haraka zaidi. Nywele zikivutwa upande mmoja kila siku, mzizi huvimba na kudhoofika, hasa kwenye paji na juu ya masikio. Dalili za mwanzo ni maumivu ukizifungua, vipele vidogo mstarini, na nywele fupi nyembamba mahali palipokuwa pamejaa. Katika hatua hii, ukiacha kuvuta, zinarudi. Ukiendelea miaka, ngozi hufanya kovu na hazioti tena. Mwone daktari wa ngozi mapema kama ngozi imeanza kuwa laini na kung'aa.

Wakati huo zipumzishe kabisa. Zikishapona, mtindo usizidi siku mbili kwa wiki. Lowanisha kidogo, paka jeli kiasi cha ukucha wa kidole gumba kila upande, laza kwa brashi laini, kisha funga kitambaa cha hariri dakika 10 hadi 15. Kitambaa ndicho kilaze nywele, si kukaza mpira. Tumia kifungio cha kitambaa, fungua kila usiku, na hamisha mahali pa fundo. Ukiona ukoko mweupe, tatizo ni jeli kutopatana na krimu uliyotangulia kupaka. Changanya tone la kila moja kiganjani kwanza. Vikigawanyika punjepunje, badilisha kimoja.

Ofisini kwetu wote wanataka mwonekano wa "old money". Unahitaji pesa kiasi gani?
*Msomaji, Arusha*

Kidogo, ukijua kinachotazamwa. Jina hilo lilivuma sana mwaka 2023, wakati Succession, tamthilia ya Marekani kuhusu familia tajiri, ikimalizika na bei za vitu zikiwa zimepanda kila mahali. Watu walivaa utajiri wa kurithi wakati kazi ya mshahara ilipokuwa hailipi kodi ya nyumba, na hapo pana huzuni ambayo picha hazionyeshi.

Kinachoonekana ni mambo matatu tu. Mshono wa bega ukomee pale mfupa wa bega unapokomea. Ukizidi hata sentimita 2 nguo inaonekana ya kuazima, na bega ni sehemu ghali kurekebisha, kwa hiyo usinunue koti lenye bega pana. Urefu wa mkono wa koti uache sentimita 1 hadi 1.5 ya shati. Na pasi: suruali ya sufu ya mtumba iliyopigwa pasi kupitia kitambaa chenye unyevu huipita mpya iliyochomwa ikang'aa magotini.

Nimepata suti ya mahameli ya waridi kwenye mtumba. Imelala makalioni na inanuka stoo. Nisije kuiharibu.
*Binti, Tanga*

Geuza nje ndani, ifunge zipu, iloweke nusu saa kwenye ndoo ya maji baridi yenye nusu kikombe cha siki nyeupe, kisha ifue kwa mkono na sabuni ya maji. Usiikamue kwa kuisokota. Izungushe kwenye taulo uibonyeze. Ianike kivulini ikiwa imelazwa, kwa sababu ikining'inia maji huvuta magoti na mikono ikarefuka.

Pasi usiiguse upande wa manyoya. Ikishakauka, chemsha maji, shika sehemu iliyolala sentimita 15 hivi juu ya mvuke kwa nusu dakika, kisha piga brashi laini kinyume na manyoya. Yakiinuka, rudia mara mbili au tatu. Yasipoinuka, tazama kwa karibu: ukiona matundu ya ufumaji, manyoya yamekatika, hayakulala. Hapo kata kiraka kwenye pindo la ndani la mguu, manyoya yakielekea chini kama ya suti, ukishone kwa mkono. Kikigeuzwa juu kitaonekana cha rangi nyingine kabisa, ingawa ni kitambaa kilekile.